Kitambi cha Mume Wangu

Shikamoo shangazi,

Hapa mvua inanyesha tangu asubuhi, na chumba kizima kama kinaelea. Mume wangu amesinzia kwenye kochi, wino wangu ukiwa umemchafua kidole.

Kile kitabu cha michoro, cha maisha yetu na virusi vyake, kimekwama. Mchapishaji ananiuliza, "Mwenye Ukimwi gani huyu ana kitambi? Mkondeshe kidogo, wasomaji waamini." Nikamwambia waamini dawa! Miaka kumi na minne anaimeza, na mimi mkewe sina virusi.

Lakini jana nilijaribu. Nikapunguza shavu, nikapunguza bega, mpaka kwenye karatasi akanitazama yule mtu uliyemwona wewe siku tuliyokuja kukusalimia. Tulipoaga, hatujafika hata getini, ukakitoa nje kiti alichokalia ukakiosha kwa sabuni. Kiti hicho nacho nimekichora, shangazi.

Yule mkondefu nimemfuta. Kitambi kimerudi, kitabu kichapwe kisichapwe.

Ameamka, anachungulia barua hii ninayokuandikia. "Mwambie shangazi tunakuja Jumapili," anasema. "Atafute kiti imara."

Ni mimi, mwanao mkorofi.