Kamba Niliyoikata Semliki

Mujukuu wangu Kavira,

Barua yako ilitufikia hapa Beu, tuko wazima. Mama yako alienda Musienene kuuza maharagi. Mambo ya usalama wa barabara tuyaache.

Unaniuliza kama baba yangu alikuwa mukali kweli. Alikuwa mukali, lakini sikiliza. Alikuwa na kamba moja ndefu ya ndoano nyingi. Jioni aliifunga kwenye muti, kando ya muto Semliki, na asubuhi mimi na kaka yangu Paluku tunaenda kuivuta. Siku moja samaki mukubwa alivuta kwa nguvu, ndoano ikaingia Paluku mukononi, samaki akaanza kumukokota kwenye maji. Nilikuwa na kisu. Nikakata kamba upande wa muto. Ndoano karibu zote zikaenda na samaki.

Tulirudi nyumbani na woga. Nikasema, "Baba, kamba nimeikata."

Hakuuliza habari ya samaki. Alishika mukono wa Paluku, akaangalia kidonda, kisha akaniuliza, "Ulikawia mbele ya kuikata?"

"Hapana, baba."

"Basi." Akaketi, akaanza kusokota kamba ingine.

Niliendelea kumuogopa, lakini sikumuficha kitu tena.

Mungu akuchunge huko Kinshasa.

Koko wako, Masika