Gauni Nililolivaa Nikikuletea

Mama Sheila,

Sikuulizi hujambo, maana mahali ulipo napajua, nilikuwepo tukikuweka. Nakuandikia nimekasirika. Katika mtaa wetu wote wa Jericho ni wewe tu niliyeweza kukasirika naye mpaka hasira igeuke kicheko. Sasa nakasirika peke yangu na haiishi. Jana wale watu wa ndege, Kaa Hapo, walinipigia simu.

Ndio hao hao. Msichana ana sauti tamu, ati wanasikitika kwa usumbufu, ati kwa kuwa mimi ni mteja wao wa thamani wameamua kunipa pointi. Nikamuuliza pointi ni kitu gani, zinapikwa ama zinaliwa mbichi? Akasema nikizikusanya zikiwa nyingi nitapelekwa viti vya mbele. Yaani nirudi kwao mara nyingi zaidi ndio wanionee huruma. Nikamkatia simu, nikageuka nikuhadithie, nikakuta mlango wako una kufuli kwa sababu Sheila yuko chuoni. Nilikaa kibarazani pako nikalia, na Mama Njeri wa mboga akajifanya hanioni. Nilimshukuru kwa hilo.

Unakumbuka ulivyozibatiza hizi ndege zote? Wafanyabiashara wenzetu wa nguo mpaka leo wanatumia majina yako, na wengine hawajui yalitoka wapi. Ile inayochelewa kila siku halafu inafika imepakwa rangi nzuri, wahudumu wamejipodoa, na watu wote wanatarajiwa kufurahi tu kwamba imefika, ukaiita Bibi Harusi. Ile ya bei rahisi, ambayo ukitaka maji unatoa pesa, blanketi unatoa, ukitaka kukaa karibu na mwenzako unatoa, hiyo ilikuwa Harambee. Ulisema imebaki mzee mmoja asimame na kipaza sauti atangaze nani ametoa ngapi. Na hawa wa jana ukawaita Kaa Hapo, kwa sababu ndiyo elimu yote waliyopewa. Mzigo umepotea? Kaa hapo. Ndege imeahirishwa? Kaa hapo. Mtu amezimia? Nafikiri hata huyo wangemwambia akae.

Nao walitudharau, tusidanganyane. Wanawake wawili wa Eastlands, wanene kwenye foleni kwa sababu wamevaa mali. Wewe na magauni manne chini ya koti, mimi na suruali za watoto nimejifunga kiunoni, tunatembea kama waliotoka hospitali, ili mizani yao isitule. Yule mhudumu wa Kaa Hapo alikuuliza kama una mimba, nawe na mvi zako ukamjibu kwamba ndiyo, ya mapacha, na baba yao ni rubani. Mpaka tunatua Nairobi hakutuletea hata kikombe cha chai. Watu wasio na adabu hata hawajui kutaniwa.

Ni kwenye safari hiyo, ndege ikiwa inatikisika na wewe umenishika mkono mpaka kucha zikaingia, ndipo uliponiambia habari ya nguo ya kuzikwa. Ulisema ukifa nisikubali wakuvishe lile gauni jeupe linalouzwa na watu wa majeneza, lile lenye mbele tu, nyuma limefungwa kamba. Uliniambia umeuza nguo tangu ujana wako, hujawahi kumuuzia mtu nguo isiyo na mgongo, na huendi kusimama mbele ya Mungu mgongo wazi. Nilicheka. Wewe hukucheka. Ukaniambia nikuahidi, nikakuahidi, na tulipotua ukaanza kugombana na watu wa mizigo kana kwamba hukuwa umesema kitu.

Basi Sheila aliponipigia simu nikiwa Uturuki, akasema presha imekuangusha bafuni na hukuamka, nilikaa chini kwenye marobota ya watu. Yule mama wa Kituruki anayetuuzia jumla, asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, alielewa bila kuambiwa. Nilimwonyesha kwa mikono jinsi ulivyokuwa umejaza mwili. Akaniletea gauni la zambarau iliyoiva, mikono mirefu, bitana safi, na mgongo wote vifungo kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Ungelipindua ndani nje ukague mishono, na usingepata pa kulaumu.

Sikulitia kwenye sanduku. Nilijua ninasafiri na nani. Yule mama akanifunga vifungo, nikavaa koti juu, nikaondoka nikiwa ndani ya gauni lako kama kijiti ndani ya gunia. Maziko yalikuwa Jumamosi kule Bungoma, kwa wakwe zako, na mwili ulikuwa unatolewa chumba cha maiti Nairobi Ijumaa asubuhi. Nilikuwa na muda wa kutosha, kama wangekuwa watu.

Tukafika pale tunapobadilishia ndege, wakatangaza kwamba ya Nairobi haiendi. Sababu hawakusema. Nikaenda kwa kaunta nikamweleza kijana mmoja wa tai nyekundu kwamba nina maziko. Akaniuliza marehemu ni nani wangu. Nikasema ni rafiki yangu. Akatazama kompyuta yake, akasema wanaopewa nafasi ya kwanza ni ndugu wa damu, rafiki hayumo. Akasema nikae pale.

Mama Sheila, nilikataa kukaa. Ningeweza kusema wewe ni dada yangu, lakini sikutaka kukukana mbele ya tai nyekundu. Nilisimama mbele ya kaunta ile na koti langu, na mahali penyewe kuna joto kama jikoni kwa mama wa chapati, na sikuweza kuvua koti kwa sababu gauni lingepata doa, wala vifungo sikuvifikia. Wakabadilishana zamu, nimesimama. Wakaleta maji na biskuti mbili za kupoza watu, nimesimama. Nilitokwa jasho mpaka nikalisikia likishuka mgongoni. Kila aliyeingia zamuni nilimwambia maneno yale yale, mpaka nadhani walichoka kuniona kuliko walivyonihurumia. Alhamisi jioni wakaniingiza kwenye ndege nyingine, kiti cha karibu na choo. Masanduku yangu hayakuingia, na mpaka leo hayajulikani yaliko. Huyo wa jana alisema wanayafuatilia. Wayafuatilie mpaka wazeeke.

Nilishuka Nairobi asubuhi, nikachukua teksi moja kwa moja mpaka chumba cha maiti. Wanawake walikuwa tayari wamekuosha. Lile gauni jeupe lilikuwa limetandazwa kwenye benchi na kamba zake, na wifi yako Rosa amesimama kando yake kama aliyelishona. Nikawaambia nimekuja na nguo yake. Wakaniuliza iko wapi. Nikavua koti.

Hapo ndipo kukawa na kesi. Rosa alisema haiwezekani. Alisema nguo iliyolowa jasho la mtu aliye hai haiingii kaburini, kwa sababu jasho la mtu ni mtu mwenyewe, ukilizika umemzika nusu, na marehemu atarudi kumwita aliyebaki kabla mwaka haujaisha. Akasema tena kwamba kwao mambo haya yanaamuliwa na wa nyumbani, na mimi ni jirani tu. Nikajisikia nimerudishwa kwenye kaunta. Tai nyekundu sasa amevaa leso.

Nikawaambia ninavyokueleza wewe: niliahidi. Kama jasho hilo halinitishi mimi mwenyewe, linamtisha nani? Sheila alinishika mkono akaniambia, Aunty, tafadhali, sitaki wewe pia uende. Hapo niliacha kubishana, maana yule mtoto hakuwa ananizuia kwa dharau.

Mama yako alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kichwani pako. Akainuka, akaja nyuma yangu, akaniambia nisimame vizuri. Nikasikia vidole vyake kwenye kifungo cha kwanza. Vifungo vyenyewe ni vidogo, lakini hakutaka kusaidiwa. Huku anafungua, akamwambia Rosa, bila kumwangalia, kwamba hawa wawili wamelala kitanda kimoja katika nchi za watu miaka yote wakibana matumizi, wamekula sahani moja, mmoja akiugua mwenzake anamkanda. Sasa hapa jasho geni ni lipi?

Rosa akalikunja lile gauni jeupe. Nilibaki na shimizi tu, nikavaa koti langu juu yake, na ndivyo nilivyokuja Bungoma, na ndivyo nilivyosimama kaburini kwenye jua lile, watu wakidhani ni madoido ya Nairobi. Gauni lilikukaa, Mama Sheila. Mama yako na Sheila walikugeuza ubavu, nami nikafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Rosa naye bado ana hesabu zake. Wiki iliyopita nilishikwa na homa kidogo, na ukoo mzima ukapata habari. Rosa mwenyewe, ambaye hajawahi kunijulia hali tangu unitambulishe kwake, alinipigia simu mara mbili kuuliza ninalalaje, kama ninaota, na kama katika ndoto kuna mtu ananiita. Nilimwambia ninaota masanduku yangu. Lakini wewe sitakuficha: usiku ule niligusa paji la uso langu, likawa moto, nikaogopa. Si kwa ajili yangu. Nilimfikiria Sheila akipokea simu ya pili.

Kwa hiyo naomba tuelewane, mimi na wewe, bila Rosa na bila mtu wa kaunta. Likizo ya chuo nitasafiri na Sheila, na si kwa Kaa Hapo, hata wanibebe mgongoni. Bado hajui kukagua mshono, anadanganywa na rangi, na anasema asante kwa watu wanaomwibia. Nakuahidi nitamfundisha mpaka asimame mwenyewe, na kabla ya hapo ukiniita sitaitika, hata uniite kwa jina la mama yangu.

Lala salama, rafiki yangu. Siku yangu ikifika nitakuja, na hakuna atakayeniuliza mlangoni mimi ni nani wako, maana utakuwa umelala na jasho langu miaka yote hiyo.

Ni mimi,
Mama Mwende