Mtu wa Chini ya Kiti cha Tatu

Bwaise, Kampala
4 Februari 2024

Mwanangu Victoire,

Jambo sana. Mama yako ameamkaje? Kifua chake kimetulia? Mimi nipo, ni mzima, ila mabega yananiuma, na mvua ya juzi iliingiza maji chumbani mpaka miguu ya kitanda ikalowa. Barua hii anakuletea Jean-Claude, yule wa vitenge. Kioo cha simu yangu kimekufa, napokea tu, siwezi kuandika.

Nimepata kazi ambayo ukimwambia mtu atacheka. Kuna mashindano ya kuimba yanarekodiwa hapa kwa ajili ya televisheni, yanaitwa Sauti ya Maziwa. Waimbaji wanne wenye majina makubwa, wanaitwa makocha, wanakaa kwenye viti, wamempa mgongo anayeimba. Akimpendeza mmoja wao, anabonyeza kitufe na kiti kinageuka. Huko nyumbani mnafikiri ni mashine. Mashine iliungua siku ya kwanza, umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu. Sasa tumekaa wanaume wanne chini ya jukwaa, kila mtu na gurudumu lake la chuma. Taa ndogo ikiwaka, unazungusha. Mimi ni kiti cha tatu, cha Kocha Erinayo, yule wa koti la dhahabu. Ni mzito.

Niliingia pale kwa kubeba mbao, wakanibakiza. Chini kule hatuoni kitu. Tunasikia viatu vya mtu vinaingia, anaimba, na taa isipowaka tunasikia viatu vinatoka polepole. Hapo ndipo ninapokukumbuka, sijui kwa nini.

Msalimie Mama.

Papa yako,
Bisimwa


Bukavu, 23 Februari 2024

Papa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi ni wazima, Mama anakohoa asubuhi tu. Anasema uinue kitanda juu ya matofali, usingoje mvua nyingine.

Papa, kaa chini kwanza. Na mimi nimo! Wenzangu wa kwaya walinishawishi, nikatuma video ya kuimba kwa simu ya katekista. Sikukuambia kwa sababu nilijua hawatanijibu. Wamenijibu. Wanatukusanya Kampala mwezi wa tatu. Niliposoma barua yako nilipiga kelele mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Lakini kwenye karatasi yao wameandika kwamba ndugu wa mtu yeyote anayefanya kazi pale haruhusiwi kushindana. Tufanyeje? Mara ya mwisho kukuona nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ukisema nisije, siji.

Mtoto wako,
Victoire


Bwaise, 1 Machi 2024

Victoire wangu,

Nimepokea salamu, na kitanda nimekiinua. Mwambie Mama.

Utakuja. Hiyo sheria walitusomea na sisi. Bahati yetu, kwetu mtoto habebi jina la baba, na pale kazini hakuna anayelijua langu. Wananiita Kongo tu. Basi wewe na mimi hatujuani. Mtakaa hosteli ya Lubaga na simu mtanyang'anywa. Langoni kuna mama anauza chapati, anaitwa Zulaika, ni jirani yangu hapa Bwaise. Barua mpe yeye, na zangu utapata kwake.

Ukinikuta ukumbini, pita. Na mimi nitapita.

Papa yako


Bwaise, 15 Machi 2024

Victoire,

Umelalaje huko mlimani Lubaga? Mnakula vizuri? Mimi mabega bado yananiuma kwa lile gurudumu, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Sikufichi, sauti yako sikuijua. Niliacha sauti ya mtoto. Nilisikia viatu, nikasikia mwanamke anaanza kuimba, nikasema moyoni, huyu ana kifua. Halafu maneno yakawa ya Mashi, lugha yetu ya nyumbani. Ulikuwa wimbo wa bibi yako, ule wa kupalilia maharage. Nani mwingine angeuleta Kampala? Nikashika gurudumu kwa mikono miwili, nikaikodolea macho ile taa. Haikuwaka. Nilitaka kuzungusha bila kuambiwa, haki ya Mungu nilitaka. Mwenzangu wa kiti cha pili akaninong'oneza, "Kongo, ngoja taa, utatufukuzisha!"

Ikawaka. Nilizungusha mpaka Kocha Erinayo akataka kuanguka. Akapiga kelele, "Nyie wa huko chini, leo mmekula nini?"

Nilimgeuza akuone. Mimi sikukuona. Ulikuwa umesimama karibu, ningegonga ubao ungesikia.

Papa yako


Lubaga, 20 Machi 2024

Papa,

Natumaini mabega yamepata nafuu. Mimi ni mzima. Zulaika ananipa chapati kubwa kuliko za wengine, wenzangu wananitania eti nimepata mchumba langoni.

Kuna jambo baya nimefanya. Baada ya kuimba walinikalisha mbele ya kamera. Kuna dada anaitwa Olivia, kazi yake ni kutafuta habari za maisha yetu. Kila mtu ana yake, mmoja aliuza mkaa, mwingine alilala stendi ya mabasi. Akaniuliza, "Na baba yako yuko wapi?" Papa, nilikuwa nimetoka kusimama juu yako. Machozi yakanitoka. Akanishika bega, "Pole, mpenzi. Alikufa lini?" Nikasema, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Akauliza wapi. Nikasema, hapa Kampala, akitafuta kazi. Ni mdomo wangu uliosema, hakuna aliyenilazimisha.

Kocha Erinayo akanikumbatia mbele ya watu wote. Akasema, "Kuanzia leo mimi ndiye Papa wako." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nikisema ukweli sasa watanirudisha Bukavu. Nisamehe. Au niambie niseme, nitasema.

Mtoto wako


Bwaise, 8 Aprili 2024

Mtoto wangu,

Uko salama? Mimi mwili upo. Nimechelewa kukuandikia, karatasi mbili nilizianza nikazichana.

Kipindi kilitoka, na Bukavu wamekiona. Mama yako alinipigia simu amefura. Wajomba zako wamefika na mikeka, wanawake wanalia uani, na yeye anawaambia mume wangu ni mzima, wao wanasema huzuni imemchanganya akili. Akaongeza sauti ya simu ili wote wasikie. Nikasema, ni mimi, Bisimwa, niko hai. Mjomba wako mkubwa akasema, "Huyo siye. Bisimwa hakuwa na sauti ya kuchoka hivyo." Ikabidi nimkumbushe jinsi alivyonidhulumu mbuzi mwaka wa harusi yangu. Hapo akaamini, akakata simu. Mama amewaambia wafunge midomo.

Nilikasirika, na kukasirika kwenyewe hakukuwa kwa kufa. Kusemwa nimekufa hakunipunguzii hata jino. Ni yule wa koti kujiita Papa wako, na ni mimi niliyemgeuza kwa mikono hii.

Lakini usiseme kitu. Umefika mbali. Imba.

Sehemu hii ya mashindano viti havigeuki tena, wametuachisha kazi wote wanne. Nimerudi kubeba matofali Kamwokya, kwenye jengo la ghorofa tano. Jioni nakwenda kibanda cha video kukutazama. Nakaa na watu, lakini ni kama niko peke yangu, maana siwezi kumwambia hata mmoja.

Papa yako


Lubaga, 2 Mei 2024

Papa,

Habari za Kamwokya? Angalia ngazi za mbao, zinateleza.

Nimeingia wanne bora. Ningefurahi, lakini Olivia anataka kwenda na kamera kwenye kaburi lako. Anataka nipige magoti pale, niimbe ule wimbo wa bibi. Nilisema nimesahau mahali. Akasema usijali, tutakutafutia kwenye ofisi za makaburi. Papa, wakitafuta hawatakukuta. Wanataka kwenda katikati ya mwezi huu. Sili, chapati za Zulaika nawapa wenzangu.

Mtoto wako


Bwaise, 9 Mei 2024

Victoire,

Kwanza kula. Salamu zitafuata.

Kupanda kidogo kutoka hapa kwetu kuna makaburi ya watu wasio na ndugu. Mlinzi wake ni Ocira, askari mstaafu wa kaskazini, Kiswahili chake cha kambini. Nilimweleza yote. Alicheka mpaka akashika uzio. "Mzee, watu yote nakimbia hii pahali, wewe naleta jina yako mwenyewe?" Halafu akaacha kucheka. "Huyu mtoto iko wako kabisa?" Nikasema ni wangu. "Basi chimba," akasema.

Amenipa sehemu karibu na uzio. Nilihakikisha hakuna mtu chini yake, sikutaka kumlalia mwenzangu. Nimerundika udongo, nimezungushia matofali mabovu ya kazini, nimemwaga saruji. Jina nimeliandika kwa msumari kabla haijakauka. Mwaka wa kuzaliwa naujua. Mwaka wa kufa nimeweka ule niliokuacha. Kisha nikapaka tope na majani mabichi ili lionekane la zamani. Nilipomaliza nilikaa pembeni nikala kikomando, chapati na maharage, maana tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu tumboni. Nimekaa nalitazama jina langu huku natafuna.

Mwambie Olivia umekumbuka. Ocira atawapokea.

Unakula?

Papa yako


Lubaga, 19 Mei 2024

Papa,

Nakula. Chapati sigawi tena.

Nilikuona. Ulikuwa umevaa kofia ya yule mlinzi na umeshika fyekeo. Umekonda. Nywele zako zimekuwa nyeupe na hakuna aliyewahi kuniambia. Nilipiga magoti mbele ya jina lako, na wewe uko pale kwenye uzio, unakata nyasi kama zimekukosea. Mtu wa kamera akakufokea, "Wewe mzee, toka hapo, unatuharibia picha!" Ukasema, "Samahani, bwana." Miaka sita sijasikia sauti yako ila kwenye simu, na nilichosikia ni hicho. Nililia kweli. Olivia alifurahi sana, akasema haijawahi kutokea picha nzuri kama ile.

Fainali ni tarehe nane Juni. Kura zikishahesabiwa wanampa mshindi kipaza sauti. Wakinipa mimi, nitasema. Nitasema Papa wangu ni mzima, ndiye aliyekuwa chini ya kiti cha tatu. Wakininyang'anya ushindi, wachukue. Wewe tazama tu.

Mtoto wako anayekupenda,
Victoire


Bwaise, 23 Juni 2024

Mwanangu Victoire,

Pokea salamu na pongezi. Hapa afya ipo, mvua imepungua. Zulaika anasema hosteli imefungwa na nyote mmeondoka. Redioni wamesema uko Nairobi na Kocha Erinayo, mnarekodi. Barua hii nampa Jean-Claude aifikishe kwa Mama, Mama atajua pa kukutumia.

Nilitazama kama ulivyosema. Niliwahi kibandani nikapata benchi la mbele. Walipolitaja jina lako kibanda kizima kiliruka, na mimi niliruka. Wakakupa kipaza sauti. Ukakishika kwa mikono miwili. Nikasimama bila kujijua, walio nyuma wakapiga kelele, "Mzee, kaa, wewe si kioo!" Ukamshukuru Mungu, ukamshukuru Mama, ukamshukuru Kocha Erinayo. Halafu ukanyoosha mkono juu, ukasema, na Papa wangu aliye mbinguni. Nikakaa.

Florence muuza supu alikuwa kando yangu, amelowa machozi. Akanigeukia. "Wewe mzee una roho gani? Hata chozi? Au huna watoto?"

Nikamwambia ninaye mmoja.

"Basi mpigie simu leo leo," akasema. "Hawa watoto wanaumia."

Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Iliniuma, na bado. Lakini si mimi niliyekuwa nimesimama pale juu na taa zote zile usoni. Najua wewe ulitaka kusema. Nilikiona kifua chako kikipanda.

Wiki iliyofuata nilikwenda makaburini na nyundo, nilivunje lile kaburi. Sikuweza. Watu wanakuja. Wasichana wanapiga picha, mmoja ameacha maua ya plastiki, mwingine ameweka kikaratasi cha kuomba afaulu mtihani, ananiomba mimi. Nilikuta nyasi zimeanza kupanda juu ya saruji. Mama mmoja akamwambia mwenzake, "Ona, mtoto anaonekana kwenye televisheni, kaburi la baba yake pori." Nikaficha nyundo, nikamwomba Ocira fyekeo.

Sasa naenda kila Jumapili. Nafyeka, nafagia, naosha jina, watu wasikuseme vibaya. Ocira anasema nimekuwa maiti msafi kuliko wote.

Najua siku moja watakuleta tena na kamera. Uje tu, usiogope. Nitakuwa upande wa uzio, nitajiweka mbali nisiharibu picha. Ukishaweka maua, ukiwa unatoka, nisalimie kama mtu anavyomsalimia mfanyakazi yeyote. Sema tu, pole na kazi, mzee. Hakuna atakayeshangaa. Nami nitaitika, na nitakuwa nimekuona karibu.

Papa yako,
Bisimwa