Mama Mkwe Katika Karatasi ya Kiingereza

S.L.P. 418,
Kisumu.
15 Oktoba, 1972.

Mpendwa Shangazi Metrine,

Hujambo huko Voi, na lile goti linalokusumbua ukisimama wodini siku nzima linaendeleaje? Mama anasema ulikande kwa maji ya moto na chumvi, ingawa muuguzi ni wewe. Sisi hapa Mamboleo tu wazima. Mvua ya wiki hii imeyalaza mahindi ya Baba, lakini yeye anashikilia kwamba yatasimama.

Shangazi, nina jambo la kukuambia na nimelizunguka vya kutosha. Mwezi wa nane nilikuandikia kwamba nilikuwa wa kwanza katika Kiingereza kwenye mtihani wa majaribio. Si kweli. Karatasi ya kusoma na kujibu nilipata sita kati ya ishirini. Ulikuwa umeniuliza mara mbili, nami niliona haya.

Ilikuwa hivi. Tulipewa hadithi ya bwana mmoja wa Uingereza aliyekwenda kula chakula cha mchana kwa mama wa mkewe. Akaketi mezani, akaisukuma sahani, hakula. Swali likauliza kwa nini hakula. Mimi nilicheka moyoni. Kwetu Bungoma nani asiyejua? Mkwe atakulaje mbele ya mama mkwe wake? Nikaandika kurasa mbili bila kuinua kalamu: heshima ya wakwe, jinsi wanavyopishana njiani, hata siku ile Babu alipojificha kwenye migomba asikutane na mama mkwe wake. Kiingereza chenyewe kilikuwa kizuri, Shangazi. Lakini hadithi ilisema wazi, mstari wa tisa, kwamba asubuhi ile bwana yule alifukuzwa kazi, na hakujua atamwambiaje mkewe. Mstari huo niliupita mbio.

Mwalimu wetu, Bwana Joram, aliyasoma majibu yangu mbele ya darasa. "Nekoye, huyu Mzungu umemwozesha Bungoma lini?" Walicheka mpaka wengine wakalala juu ya madawati. Tangu hapo naitwa Mama Mkwe. Hata kaka yangu Simiyu, nikiingia jikoni, anasema, "Ficheni sahani, amefika."

Baadaye Bwana Joram aliniita, akanifundisha kupanga jibu kabla ya kuliandika. Nachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto naweka yale inayoyasema hadithi, na namba ya mstari. Kulia naweka ninayoyafikiri mimi. La kulia lisilo na mwenzake kushoto nalikata, hata likiwa tamu namna gani. Yanayobaki nayapa namba, ndipo naanza kuandika. Mwanzoni niliona nachelewa, wenzangu wanaandika na mimi bado nachora mistari. Nimefanya mazoezi saba sasa. La mwisho nilipata kumi na tatu.

Hata barua hii niliipangia hivyo. Upande wa kulia ulijaa visingizio. Nimevikata karibu vyote.

Maana barua yako ya juzi, Shangazi, ilinishinda. Unasema umemwambia matroni wa chuo cha wauguzi kwamba mtoto wa kaka yako anaongoza darasa kwa Kiingereza, naye ameliandika jina langu kati ya wale watakaoitwa kwa mahojiano Desemba. Baba aliisoma kwa sauti mezani, akarudia tena mahali pale. Uji wangu ulipoa. Nataka sana kuja huko kusomea kazi yako, wewe wajua. Lakini matroni akija kugundua, atakayeonekana mwongo ni wewe, na wewe hukudanganya mtu.

Kwa hiyo humu ndani nimetia karatasi mbili, ile ya sita na ile ya kumi na tatu. Naomba umpelekee zote mbili. Akilifuta jina langu sitanung'unika. Mtihani wenyewe unaanza tarehe sita Novemba, na nitachora mstari wangu hata wakinicheka.

Nisalimie Bwana Khaemba, na umbusu Jentrix kwa niaba yangu. Mama anakusalimu, na Dorca jirani yetu anauliza utakuja lini. Mungu akutie nguvu katika zamu zako zote.

Baba na Mama bado wanaamini mimi ni wa kwanza. Wamekaa sebuleni sasa hivi. Nitawasomea barua hii kwanza, ndipo niifunge bahasha.

Wako akupendaye, mwenye kosa,
Nekoye