Kadi Uliyowapa Kwaya

Wafula, rafiki yangu,

Sijui kama jina hilo bado linakufaa, lakini mkono umelizoea, acha likae. Wiki tatu zimepita tangu tukuzike. Mwenye nyumba amepaka ngazi rangi ya buluu mbaya sana, na mimi bado nageuza kichwa nikisikia mtu anabisha mlango mara mbili kama wewe. Nimelia, usidhani sikulia. Lakini nina neno nawe, na leo utanisikiliza, maana huwezi tena kuniambia una haraka ya kurudi Kawangware.

Wewe ndiye uliyenifundisha kompyuta. Ulinisaidia kuibeba ile mashine kuukuu hadi chumbani kwangu hapa mtaani Olympic, ukanionyesha jinsi ya kutengeneza kadi za harusi zenye picha. Ulisema ikifika mwaka elfu mbili kila bibi harusi atazitaka. Wateja walisimama nyuma ya kiti changu wakishangaa nyuso zao kwenye skrini.

Halafu Ijumaa moja ukaichukua kwako kuipangusa vumbi. Iliporudi, rangi zilikuwa zimeharibika. Nyuso zilitoka mabaka mabaka, kijani na zambarau. Wiki hiyo, kabla hujaichukua, nilikuwa nimeweka gemu ya drafti niliyopewa na jirani. Ukaiona, ukatikisa kichwa. "Si nilikushow uwache kuguza vitu hujui, Akinyi? Sasa umeua kadi ya picha, ile ya ndani inaleta rangi kwa skrini."

Nikakuomba msamaha. Unakumbuka? Nilikukaangia omena, nikasonga ugali, nikakuomba msamaha kwa kuharibu kitu changu mwenyewe.

Mwaka mzima ulikuja na disketi ya draiva, ile programu inayoiambia kompyuta jinsi ya kutumia kadi yake. Unaiweka, unangoja, unaguna. "Imekataa tena. Vumilia tu." Nikavumilia. Wateja wa picha wakahamia kwingine, nikabaki na barua za watu za kuomba kazi. Sikuthubutu kubadilisha chochote kwenye mashine, maana niliamini mikono yangu ina kisirani.

Ulipofariki, mama yako alikuja na picha yako kwenye disketi nimtengenezee programu ya mazishi, ile karatasi yenye ratiba na wasifu wako. Nikaifungua. Alitazama yale mabaka, akaniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwomba arudi kesho.

Ningemwita nani? Fundi wangu alikuwa mochari.

Basi asubuhi nikaketi mwenyewe. Nikaiondoa draiva ya zamani, nikaizima mashine na kuiwasha, nikaweka disketi yako. Ikaniambia kadi hiyo haimo. Nikarudia. Haimo. Mara ya tatu nikachukua bisibisi, nikafungua sanduku, nikasoma jina lililoandikwa kwenye kadi, kisha jina la kwenye disketi. Majina mawili tofauti, Wafula! Hata mtoto wa darasa la pili angeona. Nikaenda mjini kwa fundi mwingine, akanipa disketi yenye jina la kadi iliyomo. Kufika saa saba mchana uso wako ulikuwa umejaa skrini, na mwanya wako wa meno.

Yaani hata hilo dude uliloniwekea badala ya kadi yangu lingefanya kazi, kama ungeniletea draiva yake. Lakini ungeileta, ningeuliza kwa nini jina limebadilika. Ukaona heri niendelee kujilaumu.

Bado nilikutetea. Nikajiambia pengine kadi yangu iliungua kweli mikononi mwako, ukaona haya kusema. Kisha mama yako akarudi, akaiona picha, akalia, akanishika bega. "Andika pia vile alipea kwaya yetu kadi ya kompyuta, mwanangu. Tangu mwaka jana wanaona picha zao vizuri. Alisema ni yake."

Niliandika. Ningefanya nini, mkono wake ukiwa begani mwangu? Mstari huo ulisomwa kaburini, watu wakaitikia amina, na mimi nikaitikia pamoja nao.

Ungeniomba tu. Ningenung'unika siku mbili, unanijua, lakini ningewapa. Kadi yenyewe hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba ulikaa mezani pangu ukila omena ya msamaha wangu, ukijua, na ukaitisha pilipili. Niliamini kila neno lako, Wafula. Niliamini hata kwamba mimi ni mjinga, kwa sababu wewe ndiye uliyesema.

Jumapili hii nitakwenda Kawangware. Kadi waendelee nayo, siwezi kuwazimia waimbaji wa Mungu skrini. Lakini nitamwambia mwalimu wa kwaya ilikotoka. Nitaanza na mama yako, kwa upole, nyumbani kwake, asije akalisikia kwa watu. Najua atalia upya, na hilo pia umeniachia mimi.

Tangazo la picha nimelibandika tena mlangoni. Mashine ikinisumbua, nitaifungua mwenyewe.

Pumzika, rafiki. Nakuahidi nitakusamehe, ila si leo. Leo kwanza nairudisha kwangu ile samahani niliyokuomba, maana sikukosa kitu.

Akinyi