Damu ya Dada Yako Bado Ipo

Zahanati ya Bondeni,
Chumba cha wauguzi,
Jumapili, tarehe 17.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, goti limepoa, na mkaza mjomba hapandi tena zile ngazi za kazini kwake mara kumi kwa siku. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba anakula vizuri na anagombana na redio kama kawaida yake. Mama mdogo hajambo, ingawa yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo.

Keti kwanza, Mjomba. Wiki ya pili sasa moyo haujarudi mahali pake, na hata hapa sijui nianzie wapi.

Unakumbuka nilivyokuandikia habari za wale watafiti wa kisukari? Walikuja miaka tisa iliyopita, wewe ulikuwa umeshaondoka. Walitaka kujua kwa nini sisi wenyeji wa bonde hili, tuliokuwepo kabla ya mji na barabara, tunaugua zaidi kuliko watu wa mjini. Lugha yetu hawakuijua. Mimi nilikuwa muuguzi mpya, nikachukuliwa kutafsiri. Watu zaidi ya mia mbili walitoa damu. Mama alisimama wa kwanza kwenye foleni ili wengine wasiogope.

Sasa wamerudi kutuletea majibu, wakiongozwa na daktari mpya, mama mmoja mpole mwenye miwani. Tulijaa ukumbi wa shule hadi madirishani. Akawasha mashine, ukutani ikatokea mistari ya kupanda na kushuka, nami nikawa natafsiri kipande kwa kipande. Mambo yalikwenda vizuri mpaka aliposema, kwa furaha kabisa, kwamba damu yetu bado imehifadhiwa salama kwenye friza zao, na imeshasaidia tafiti nyingine tatu.

Miaka tisa iliyopita niliwaambia watu kwa mdomo wangu, mmoja mmoja, kwamba damu ikishapimwa inamwagwa. Karatasi ilisema itahifadhiwa, ukurasa wa nne, kwa maandishi madogo. Nilimuuliza bwana aliyetufundisha kazi maana yake, akanijibu nisiwachoshe watu na mambo mengi, niwaambie ni kipimo tu. Kumwagwa nikaongeza mwenyewe, kwa sababu ndivyo tunavyofanya hapa zahanati.

Nilitafsiri yote, sikuficha neno.

Mama mdogo akainuka. “Hata ya dada?”

Daktari akaniuliza anasema nini. Ikabidi nimwambie, “Anauliza kama damu ya mama yangu mnayo. Alifariki miaka mitatu iliyopita.” Uso wake ulibadilika. Alifungua kompyuta, akapitisha kidole kwenye orodha ya namba, akasema taratibu, “Ipo. Vichupa viwili.”

Sisi tulimzika Mama, Mjomba, tukadhani tumezika mwili wake wote.

Fundi baiskeli akataka kuambiwa hizo tafiti tatu ni zipi. Moja ya figo, moja ya macho, na ya tatu ya kutafuta watu wetu walitoka wapi. “Tulitoka wapi?” akasema Fundi. “Si mngetuuliza?” Wengine walicheka, lakini kicheko kilikatika upesi, maana Mama mdogo alikuwa amenigeukia mimi. “Wewe ulisema watamwaga. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, nikakusikia.”

Nikakiri mbele ya wote. Nilisema ndiyo, nilisema hivyo, bila kuwa na hakika. Sijawahi kujisikia mdogo namna ile.

Daktari yule alizima mashine. Akavuta kiti, akakaa chini tulipokaa sisi, akaniomba niwaulize watu nini hasa waliambiwa siku ile. Aliandika kila jibu, saa mbili nzima. Yule bwana wa ukurasa wa nne alikuwa ameshaacha kazi, angeweza kumtupia lawama zote, lakini hakufanya hivyo. Alisema, “Kazi hii nimeirithi, na kosa lake nimelirithi.” Alipojaribu kueleza kwa nini damu hutunzwa, Mama mdogo alimkatiza: “Umesema maneno mengi, sijapata hata moja.” Akaanza upya mara tatu. Mara ya tatu akasema magonjwa mengine huchukua miaka mingi kueleweka, na damu ya zamani huwaonyesha ugonjwa ulianzaje. Hiyo tuliielewa. Fundi akamwambia kama angeanza hivyo miaka tisa iliyopita, huenda tungekubali.

Mama mdogo akataka aone kwa macho yake. Alhamisi tulisafiri naye hadi kwenye maabara yao. Chumba ni cheupe, friza zimepangwa kama makabati na zinanguruma. Walipofungua, mvuke wa baridi ukatumwagikia miguuni. Kichupa ni kifupi kuliko kidole changu cha mwisho, na juu yake hakuna jina, ni namba 117 tu, maana namba hawakuzitoa kwa kufuata foleni. Walimvisha Mama mdogo glavu nene, wakampa akishike kwa dakika moja. Alikitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu jikoni, “Dada, huku kuna baridi.”

Daktari hakuniomba nitafsiri.

Tafiti zote zimesimamishwa. Kila familia inaulizwa peke yake, kwa karatasi mpya niliyoiandika na Fundi, ukurasa mmoja tu, kwa maneno tunayoongea nyumbani. Wengine wamesema imwagwe, wengine ibaki. Nilitaka kuacha kutafsiri. Mama mdogo akakataa: “Atatafsiri huyuhuyu. Ila mimi nitakaa karibu nisikie.”

Kwetu bado hatujakubaliana. Baba anataka vichupa virudi, vizikwe pale alipo Mama. Mama mdogo anataka kimoja kibaki kwa wale wa figo, kwa kuwa figo ndizo zilizomwondoa. Wewe ni kaka mkubwa, wamesema hakuna atakayevigusa kabla hujatamka.

Nisalimie mkaza mjomba, binamu zangu wote, na yule mdogo mnayemwita Kijiko. Mwambie nguo yake naishona. Baba anakusalimu, Mama mdogo anakusalimu zaidi. Mungu akutunze huko uliko na akulainishie njia ya kuja kutuona.

Jibu lako liandike kwa maneno yako mwenyewe, Mjomba. Nitalisoma mbele ya wote kama lilivyo, siongezi wala sipunguzi.

Akupendaye na anayekuomba msamaha,
Mpwa wako, muuguzi