Tangazo Lililoachiwa Nafasi ya Jina

Akalla, Stockholm, 1984

Mwape wangu,

Hatujambo, ila bibi yako theluji imemchosha. Umeuliza, jimbo letu la Katanga lilipojitenga na nchi, serikali yetu ikikimbia vita ilichaguaje mji mkuu mpya? Mjukuu wangu, hadi leo sijaamini!

Nilikuwa karani. Mkubwa wangu aliniamuru nipige chapa tangazo la mji mkuu mpya, jina la mji niliache wazi hadi tujue barabara ipi inapitika. Ikapitika ya Kolwezi. Tulipofika akalijaza kwa kalamu, nikagonga mhuri juu ya boneti ya gari, nikamsomea kwa fahari mama aliyeuza mihogo pale. Nilitarajia vigelegele.

“Kumbe vita vinatufuata huku!” akasema, akambeba mtoto, akakimbia.

Mihogo aliiacha. Tulikuwa na njaa, lakini hakuna aliyeigusa.

Babu yako